Ndoto Kumi na Tatu

Wahenga waliposema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama, walikuwa wakiwaonya watu wanaoipa kazi moja amri nyingi. Mji wa Patani uko bara, katika nchi ya Gujarati, na mchoraji Khetal hakuwahi kupanda chombo chochote isipokuwa kivuko cha Mto Saraswati. Hata hivyo, mwaka ule alipopewa kazi ya kitabu cha Hansalde, aliuonja mrama wenyewe mpaka nusura atapike nyongo.

Khetal alikuwa fundi wa kuchora vitabu vitakatifu vya Wajaini. Yeye mwenyewe hakuwa Mjaini, lakini baba yake na babu yake walilea watoto kwa kazi hiyo, na habari za wale Washindi ishirini na wanne waliozishinda tamaa za dunia alizijua kama njia ya kwenda kwao. Mnakili huandika maneno kwanza, akaacha nafasi ya mraba katika ukurasa, na pembeni akadokeza kwa herufi ndogo kama siafu: hapa mfalme, hapa kuzaliwa, hapa ndoto. Khetal naye huijaza nafasi ile. Hutandika rangi nyekundu ya zingefuri, halafu huchora watu wenye nyuso za upande, jicho la pili limechomoza nje ya shavu kana kwamba linachungulia jirani. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mstari wake haukuwahi kutetemeka. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Neno "hapana" lilimkwama kooni kama punje ya dengu kavu.

Hansalde alimjia mwishoni mwa majira ya baridi. Alikuwa mjane wa nyumba kubwa ya wauza nguo, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Mwaka uliotangulia, homa ilikuwa imemchukua binti yake wa pekee, Rupal, mwenye umri wa miaka tisa.

"Fundi," alisema, akiweka kurasa zilizokwisha kuandikwa juu ya mkeka, "kitabu hiki nakitoa kwa watawa ili thawabu zake zimfuate mwanangu. Picha nyingine chora kama ulivyozoea. Ila huu ukurasa wa ndoto, usikilize vizuri."

Ulikuwa ukurasa wa Malkia Trishala, aliyeota ndoto kumi na nne usiku ule alipojua kuwa tumboni mwake yumo Mahavira, Mshindi wa ishirini na nne. Hakuna mtoto wa Kijaini asiyezijua ndoto hizo, kuanzia tembo mweupe hadi moto usio na moshi.

"Rupal alikuwa akizihesabu kwa vidole," Hansalde akaendelea. "Vidole vyake kumi vikiisha, anaazima vinne vyangu. Kidole cha mwisho kilikuwa cha moto, na hapo hupiga kelele mpaka bibi wa jirani anatugongea ukuta. Sitaki ufahari, fundi. Nataka ndoto kumi na nne, kila moja ionekane hata na mwenye macho mabovu. Basi."

"Zitaonekana, mama," Khetal akaahidi, na alisema kwa moyo wake wote.

Miezi minne ilipita katika utulivu. Mashemeji watatu wa Hansalde walikuwa safarini na misafara ya vitambaa, na Khetal alichora picha ishirini na tisa bila kusikia kikohozi cha mtu. Ukabaki ukurasa wa ndoto, aliouweka mwisho ili aupe mkono uliokwisha kupata moto. Hapo ndipo mvua zilipoanza. Paa la karakana yake lilivuja kama chujio, na Hansalde, kwa wema wake, akampa kibaraza cha jumba la ukoo afanyie kazi mahali pakavu. Wema ule ndio uliowaponza wote wawili, kwa sababu mvua iliyotoboa paa la fundi ndiyo iliyofunga barabara, na barabara zilipofungwa mashemeji wakarudi nyumbani. Wafanyabiashara watatu wasio na biashara ya kufanya wakaketi kwenye kibaraza kimoja na mchoraji.

Wa kwanza kumjia alikuwa Dungarsi, kaka mkubwa, mtu mwenye tumbo la kutangulia na kilemba cha kufuatia.

"Fundi, hiyo brashi ya nini?"

"Ya nywele za mkia wa kindi, bwana mkubwa."

"Kindi!" Dungarsi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kitabu cha kutufundisha tusidhuru hata sisimizi, wewe unakichora kwa mkia wa maiti?"

"Kindi hakufa, bwana. Alinyofolewa nywele kidogo tu, akaenda zake."

"Ulimuuliza kama ameridhika?"

Khetal akaiweka brashi chini. Kesho yake akaletewa brashi ya nyuzi za mtende, nene kama ufagio. Simba aliyemchora kwa brashi ile alikuwa na masharubu mazito kuliko mkia wake. Khetal alimtazama simba, simba akamtazama Khetal, wote wawili wakiwa hawana raha.

Siku ya tatu akaja Karmasi, mdogo wa wote, aliyekuwa amefika Hormuzi, bandari ya Uajemi, mara moja na tangu hapo hakuna sentensi aliyoimaliza bila kuutaja mji huo. Mkononi alishika kifuko cha unga wa jiwe la buluu kutoka milima ya Badakhshani.

"Nyekundu, fundi? Bado mpo kwenye nyekundu? Huko Hormuzi nyekundu wanapaka milango ya mazizi. Weka buluu chini yote, ing'ae kama mbingu."

"Bwana mdogo, nyekundu nimeshaitandika na imeshakauka. Buluu juu ya nyekundu..."

"Inakuwaje?"

Inakuwa kama jeraha la wiki mbili, ndivyo Khetal alivyotaka kusema. "Inakuwa... itakaa sawa," akasema.

Akapaka buluu. Kabla haijakauka akatokea Vachharaj, ndugu wa kati, ambaye alizijua mila zote za ukoo, hata zile ambazo ukoo haukuwa nazo.

"Nani kamwaga rangi ya kaniki kwenye kitabu chetu?" akauliza. "Babu yetu alitoa kitabu chekundu. Baba yake babu alitoa kitabu chekundu. Unataka wazee watugeuzie mgongo huko waliko?"

"Bwana Karmasi ndiye aliyesema..."

"Karmasi nilimfundisha mimi kupenga kamasi! Rudisha nyekundu."

Khetal akarudisha nyekundu upande wa kushoto. Karmasi alipopita jioni akaona, akafoka, na Khetal akanenepesha buluu upande wa kulia. Siku mbili alikwenda hivyo, huku na huku kama uzi wa mfumaji, mpaka Dungarsi aliposikia makelele ya wadogo zake akatoka ndani kuamua.

"Mnagombania nini? Pakeni dhahabu. Dhahabu haina ugomvi na mtu."

"Kwenye vazi la malkia, bwana mkubwa?" Khetal akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Kwenye vazi, kwenye kitanda, kwenye anga, kila palipo wazi. Halafu chini hapo utuchore sisi ndugu watatu tumeunganisha viganja kama waombao. Watu wajue nyumba gani imetoa kitabu."

"Lakini kitabu hiki amekitoa mama Hansalde..."

"Si shemeji yetu? Chake chetu." Dungarsi akainama kuutazama ukurasa kwa karibu. "Na kilemba changu kiwe kikubwa kidogo kuliko vya hawa. Mimi ndiye mkubwa."

Nyumbani, Khetal alilisukuma bakuli la dengu kando. Mkewe Jasma alilirudisha mbele yake.

"Leo wamesemaje?"

"Dhahabu."

"Na jana?"

"Nyekundu. Na buluu. Na nyekundu tena."

"Na wewe ukasemaje?"

Khetal akalisukuma tena bakuli kando.

"Mume wangu, wewe ni mchoraji au ni mlango?" Jasma akamwuliza. "Maana kila anayekuja anakusukuma, na wewe unafunguka. Hata mlango wetu ule mbovu huwa unakwama kidogo!"

Maneno yale yalimchoma. Asubuhi akamwomba mtumishi wa nyumba amwitie Hansalde, akamweleza yote huku akisugua rangi iliyoganda kwenye kucha zake.

"Naomba useme nao, mama. Kichwa kinataka kupasuka."

"Nimesema nao," Hansalde akajibu kwa uchovu. "Nimesema na mmoja mmoja. Kila mmoja amekubali kabisa kwamba wale wenzake wawili wanyamaze." Akamtazama usoni. "Na wewe, fundi, nani aliyekuajiri?"

"Wewe, mama."

"Nilikuomba nini?"

"Ndoto kumi na nne."

"Zipo?"

Khetal aliukumbuka ukurasa ule ulivyovimba kama mkate, matabaka ya rangi yamelaliana, unyevu wa mvua haujatoka ndani yake. Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema kweli. "Zitakuwapo, mama," akasema. Akarudi kibarazani, akamkuta Dungarsi anamsubiri, akachukua dhahabu.

Sikukuu kuu ya Wajaini ilikuwa imebakiza siku tatu. Khetal alichora kwa pupa, brashi inadondosha rangi, dhahabu haishiki. Akapachika ndoto mahali popote palipobaki: bendera akaisukumia kwenye kona, ziwa la mayungiyungi akalikunja kama leso, tembo akamkata mkonga. Chini akawachora ndugu watatu. Dungarsi alikuja mara mbili kuona kilemba chake, na mara zote mbili akakiona kidogo. Mara ya pili Khetal aliongeza rangi bila hata kutazama ilikokwenda, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili aondoke. Ukurasa ukaingizwa katika kitabu ukiwa bado unanata.

Siku ya tano ya sikukuu ndiyo siku ya kusomwa habari za kuzaliwa kwa Mahavira. Ukumbi wa watawa ulijaa hadi ngazini. Watu wengine waliofunga walikuwa na siku nne hawajatia chakula kinywani, midomo imekauka, macho yanang'aa kwa furaha. Hansalde aliketi mbele upande wa wanawake, katika vazi jeupe. Mashemeji zake waliketi mbele upande wa wanaume, na Khetal alijibanza nyuma karibu na nguzo, akiwa na matumaini kama yale ya mwizi anayeomba mbwa wawe wamelala.

Mtawa Kshemasagar, mtu mpole mwenye kitambaa cheupe mbele ya kinywa ili asimeze hata mdudu wa hewani, alisoma mpaka akafika penye ndoto. Kama ilivyo desturi, akauinua ukurasa juu ili umati uone picha.

Mstari wa mbele alikuwapo Bibi Punji, mwanamke mzee mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye kwa miaka sitini hakukosa usomaji wala hakukaa kimya katika hata mmoja. Akaanza kuhesabu, na watu wakamfuata.

"Tembo! Masikini, mkonga wake umekwenda wapi? Fahali! Simba... huyu simba au paka wa muuza maziwa?"

Watu wakacheka kidogo. Khetal akafumba macho.

"Mungu wa kike Shri! Shada la maua! Mwezi! Jua! Bendera, ile kule kwenye kona! Mtungi! Ziwa la mayungiyungi! Bahari ya maziwa! Jumba la angani! Rundo la vito!" Bibi Punji akavuta pumzi kwa ajili ya ndoto ya mwisho, iliyo tamu kuliko zote kuitamka. Pumzi ikabaki kifuani. "Na moto? Moto uko wapi?"

Watu waliinuka, wakanyoosha shingo, wakasukumana. Walitafuta juu, wakatafuta pembeni.

"Kumi na tatu," mtu mmoja akasema.

"Hesabu tena."

"Nimehesabu! Ni kumi na tatu. Pale pa moto pana kilemba."

"Kilemba cha nani?"

"Si cha Dungarsi hicho? Tazama tumbo!"

Kicheko kilipasuka ukumbini kama gunia la mbaazi. Kana kwamba hilo halikutosha, dhahabu iliyopakwa juu ya buluu mbichi ikaachia. Kipande cha ukubwa wa ukucha kilibanduka, kikapepea polepole, kikatua kwenye goti la mtawa. Kikafuata cha pili. Malkia Trishala alibaki amelala juu ya kitanda chenye mabaka mekundu na meusi, kama mgonjwa wa surua.

"Nilisema nyekundu!" Vachharaj akafoka, amesahau alipo. "Nyekundu isingebanduka!"

"Ni hiyo dhahabu ya kaka!" Karmasi naye akadakia. "Buluu ina kosa gani?"

"Mimi nilikuwa nawapatanisha nyinyi, mbwa na paka nyie!" akanguruma Dungarsi.

Hansalde hakuwaangalia. Alikuwa akikunja vidole vyake vinne kwa mkono wa pili, kimoja kimoja, na kidole cha mwisho kilikuwa bado kimesimama peke yake. Alipoinuka, ukumbi ulinyamaza wenyewe.

"Mwanangu alikuwa na moto mmoja tu," alisema. Sauti yake haikupanda, lakini ilifika hadi ngazini. "Mmeukalia."

Khetal hakuweza kuvumilia tena. Alitoka nyuma ya nguzo, akapita katikati ya watu, siku zote zile za kibarazani zimemjaa kifuani. "Mama, ningefanyaje?" akalia. "Huyu anasema nyekundu, huyu buluu, huyu dhahabu! Brashi wamenipa ya kufagilia! Mikono ninayo miwili, mabwana ninao watatu!"

"Na mdomo unao mmoja, fundi," Hansalde akamjibu. "Nilikuuliza kama zipo. Ukaniambia zitakuwapo."

Khetal aliinamisha kichwa. Dharau za umati alikuwa amejiandaa kuzibeba, ila neno hilo moja lilikuwa zito kuliko zote, kwa sababu lilikuwa la haki.

Mtawa Kshemasagar aliushusha ukurasa taratibu na kukifunga kitabu. Akaagiza kitabu cha zamani cha ukumbi kiletwe, kile kilicholiwa na mchwa pembezoni, na usomaji ukaendelea humo. Ukurasa ulioharibika hakuruhusu utupwe, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na maneno matakatifu. Ulifungwa katika kitambaa, ukawekwa katika ghala la vitabu la watawa. Hivyo ndugu watatu wakapata walichokitaka. Sura zao zimehifadhiwa humo milele, pamoja na kilemba.

Siku ya mwisho ya sikukuu ni siku ya kuombana msamaha. Kila Mjaini hupita nyumba kwa nyumba na kuomba asamehewe kwa lolote alilomkosea mwenzake, kwa kujua au kwa kutojua. Asubuhi ile Jasma alifungua mlango akawakuta ndugu watatu wamesimama kwenye tope, viganja vimeunganishwa. Hansalde alisimama nyuma yao kama mchungaji aliyekwisha kuchoka na kundi lake.

"Fundi," Dungarsi akaanza, macho yako chini. "Tumekukosea. Tusamehe."

"Tusamehe," Vachharaj akasema.

"Tusamehe," akasema Karmasi.

Khetal aliguswa. Aliunganisha viganja naye, akawaomba wamsamehe kwa woga wake, kisha akamgeukia Hansalde na kumwomba msamaha kwa uongo wake. Akaahidi kuuchora ukurasa upya bila malipo, mara tu mnakili atakapoandika upya maneno yake; na mnakili huyo alikuwa ameshaanza kunung'unika mtaa mzima. Ilikuwa asubuhi njema. Jasma akawaletea maji yaliyochujwa vizuri, na wote wakanywa.

Karmasi akafuta midomo. "Ila fundi," akasema kwa upole, "safari hii, buluu kidogo tu kwenye pembe..."

"Buluu?" Vachharaj akamgeukia. "Baada ya aibu yote ile, buluu?"

"Tulieni," Dungarsi akasema. "Mimi nadhani kama dhahabu ikipakwa nyembamba..."

Jasma alimtazama mumewe. Hansalde naye akamtazama. Na punje ile ya dengu iliyomkwama Khetal kooni tangu utotoni ikatoka.

"Hapana," akasema.

Ndugu watatu wakapigwa na butwaa, kama watu waliosikia ng'ombe akiongea.

"Hapana, bwana mkubwa. Hapana, bwana wa kati. Na wewe bwana mdogo, hapana, na Hormuzi uipelekee salamu. Kitabu kina mwenyewe, na mwenyewe ameshasema neno lake. Nitachora ninavyojua, kwa brashi yangu, nyumbani kwangu. Paa nitaliziba leo."

"Haya, mashemeji, tangulieni nyumbani," Hansalde akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, pembe ya mdomo wake ilicheza.

Mvua zilipokoma na anga kutakata, Khetal alijifungia karakanani na karatasi mpya aliyoiandika mnakili. Hakuja mtu. Alitandika nyekundu mara moja, akaiacha ikauke, akachora ndoto kumi na nne zikiwa zimekaa kwa nafasi, kila moja na mahali pake. Kazi yote ilimchukua siku tisa. Hansalde alipoletewa ukurasa, aliushika karibu na dirisha kwa muda mrefu, akasema tu, "Ndiyo huu," akauzungushia kitambaa cha hariri. Lakini sikukuu ilikuwa imeshapita, na kitabu kizuri kama kile kililazimika kukaa sandukuni mwaka mzima bila kusomwa, thawabu za Rupal zikisubiri pamoja nacho. Kazi ya siku tisa ilikuwa imegharimu mwaka, aibu ya nyumba nzima na machozi ya mama, si kwa sababu ndugu wale walikuwa watu wabaya wala fundi alikuwa hajui kazi, ila kila mmoja alishika usukani na hakuna aliyeuachia. Kweli wahenga hawakukosea: manahodha wengi, chombo huenda mrama.